Wasifu wa Karatasi Moja

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya chama cha wakulima hapa Songea. Waliowahi kutumia taipureta watakumbuka kwamba mashine ile ilikuwa na kengele ndogo. Ukikaribia mwisho wa mstari inalia, nawe unasukuma mkono wa chuma, karatasi inapanda, unaanza mstari mwingine. Nilifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba hata leo nikishika kibodi ya kompyuta, kitu fulani kichwani mwangu hulia mwisho wa mstari, na kidole kinabonyeza enta.

Ndivyo nilivyoandika historia fupi ya marehemu mke wangu. Kila mstari niliukata mwenyewe kwa enta, wa kwanza hadi wa mwisho, na kati ya aya na aya nikabonyeza mara mbili. Kwenye kioo cha kompyuta ya steshenari kule Majengo maandishi yalionekana yamenyooka kama ukuta. Kwenye karatasi vilevile. Miezi minne baadaye mwanangu wa mwisho, anayefanya kazi Dodoma, aliyaweka kwenye ukurasa wa mtandaoni wa kumkumbuka mama yake, na huko ndiko yalikoharibika.

Alinipigia simu asubuhi.

"Shikamoo baba. Umeufungua ule ukurasa?"

"Marahaba. Nimeufungua."

"Umeonaje mistari?"

"Naona imekatikakatika."

"Imekatika vibaya, baba. Mstari unafika ukingoni mwa simu, unashuka maneno mawili, halafu unashuka tena. Shangazi kanipigia kuniuliza kama baba siku hizi anatunga mashairi."

Shangazi huyo ni dada yangu mkubwa, mwanamke asiyeacha jambo lipite bila kulisemea. Nilicheka kidogo, naye akacheka kidogo, maana tangu mama yake afariki tulikuwa tunacheka kwa kupimiana. Akaniambia kazini kwake wamebanwa, atanipa neno la siri ili nikae na yule dada anayechapa kule steshenari tuurekebishe. Ukurasa huo ndio angewatumia ndugu wote kuwaalika siku ya kujengea kaburi. Kulikuwa na picha ya mama yao akiwa amevaa sweta yake ya buluu, chini yake wasifu, na chini kabisa siku na saa ya misa.

Nilisema nitakwenda. Sikumwambia kwamba katika wale ndugu wote alikuwepo mtu mmoja ambaye nilimtaka ausome kuliko wengine, na kwamba mtu huyo hamo ndani ya wasifu wenyewe.

Mke wangu alizaa watoto wanne. Watatu ni wangu. Wa kwanza, binti, alimzaa kijijini kwao Namtumbo kabla sijamwoa, kwa mwanamume aliyeondoka bila kurudi. Nilipokwenda kuposa mtoto alikuwa anatambaa. Nilisema mbele ya wazee kwamba mtoto abaki kwa bibi yake kwanza, sisi tujipange. Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Mke wangu aliinamisha kichwa, na mimi nikakichukulia kichwa kile kuwa amekubali.

Tulijipanga. Tulipata nyumba, tukapata mtoto, tukapata wa pili. Kila msimu wa kuvuna tumbaku mke wangu alikwenda Namtumbo kumsaidia mama yake kuchuma majani na kuyafunga, akakaa wiki mbili, tatu, akarudi mikono imenata utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni. Aliporudi hakuwa akizungumza sana siku mbili za kwanza. Nilidhani ni uchovu.

Mara moja tu bibi alimleta yule binti kwetu. Alikuwa na miaka minane, na mke wangu alikuwa ameniomba aanze kusoma hapa mjini. Siku hiyo nilikuwa nimebeba mashine ya ofisi kuja nayo nyumbani, nina muhtasari wa kikao wa kumaliza. Mtoto akaja kusimama karibu na meza. Kengele ilipolia alishtuka, halafu akacheka. Nikamwonyesha mkono wa chuma. Basi mchana ule wote mimi nilikuwa nachapa na yeye anasukuma. Kengele ikilia anasukuma kabla sijamwambia. Tulimaliza kurasa nne hivyo. Mke wangu alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama mlangoni akitutazama, na uso aliokuwa nao wakati ule sikuwahi kuuona tena katika ndoa yetu.

Jioni yake jirani mmoja alipita, akamwona mtoto, akasema kwa utani, "Kumbe una binti mkubwa hivi, na umetuficha. Ila sura hajakuibia hata kidogo." Akaenda zake. Alisema mara moja tu, na nadhani kesho yake alikuwa ameshasahau. Mimi ndiye niliyebaki nayo. Asubuhi nilimwambia bibi kwamba nyumba ni ndogo, amrudishe mtoto, tutaona mwakani.

Mtoto aliniaga vizuri. Alisema, "Kwaheri mzee." Tangu siku hiyo hadi leo jina langu kwake ni hilo. Watoto wangu wananiita baba, wajukuu wananiita babu, yeye ananiita mzee, kwa heshima zote, kama anavyomwita mzee yeyote anayekutana naye njiani.

Alikulia Namtumbo. Akaolewa Nakapanya na mkulima wa korosho, akafuata dini ya mumewe, akapata watoto watano. Mama yake alikwenda kuwaona wote walipozaliwa. Mimi sikwenda hata kwa mmoja. Kila mara nilikuwa na kazi ya kumaliza.

Sasa niseme habari ya siku ya maziko, maana ndipo kosa langu la pili lilipofanyika, nalo nililifanya nikiwa mzee, mwenye mvi, nisiye na jirani yeyote wa kumwogopa.

Mke wangu alifariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimepamba moto. Asubuhi ya maziko nilikwenda steshenari kuandika historia fupi ya marehemu, ile inayosomwa makaburini kabla ya kuweka mashada. Ningeweza kuwaachia watoto, lakini nilitaka kuichapa kwa mkono wangu. Niliandika alipozaliwa, shule aliyosoma, ndoa, jumuiya yake ya kanisani, ugonjwa, halafu watoto. Niliwaandika wote wanne, kila mmoja na anakoishi. Ilipochapwa ikatoka karatasi mbili, na hiyo ya pili ilikuwa na mistari mitano tu.

Nilipompelekea katekista aliitazama, kisha akatazama mawingu. "Mzee, iwe karatasi moja," alisema. "Mvua ikitukuta pale juu na lile tope, hata jeneza litatushinda."

Nilirudi steshenari. Nilihitaji kupunguza mistari mitano. Ningeweza kupunguza orodha ya shukrani kwa kamati ya mazishi. Ningeweza kubana nafasi kati ya mistari, na hapa naomba nieleweke, maana hiyo ndiyo kazi niliyosifiwa nayo maisha yangu yote. Pale ofisini ripoti ya kurasa tatu nilikuwa naiingiza katika mbili na msomaji asihisi kubanwa. Nafasi ilikuwepo. Lakini nilimtoa yeye. Niliondoa mistari yake, nikabadilisha wanne kuwa watatu, na pale juu nikaunga sentensi mbili kwa neno moja: marehemu alisoma hadi darasa la saba shule ya msingi ya kijijini kwao, na baadaye alifunga ndoa. Karatasi ikatoka moja. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya mvua.

Katekista aliisoma kwa sauti nzuri. Kisha akawaita wa kuweka mashada kwa mafungu, kama ilivyo desturi. Aliniita mimi kwanza. Halafu akasema, akiitazama ile karatasi, "Watoto wa marehemu, watatu." Wanangu wakatoka.

Yeye alikuwa amesimama upande wa wanawake, kanga kichwani, mkononi ana shada alilolisuka mwenyewe kwa maua ya bustanini kwa bibi yake, si yale ya karatasi. Alikuwa amelala huko Namtumbo njiani, akaja nalo. Nilimwona akisogea hatua moja, halafu akasimama. Alitazama mbele tu. Wakaitwa wajukuu. Wakaitwa ndugu wa upande wa marehemu, upande wa mume, wanajumuiya. Katekista aliposema "Marafiki na majirani" ndipo aliposogea. Alikwenda na akina mama wa mtaani, akangoja zamu yake, akachomeka shada lake kwenye udongo mwekundu uliolowa, akarudi nyuma.

Kabla ya chakula alikuwa ameshaondoka.

Na mvua yenyewe haikunyesha siku ile.

Ndiyo maana ninaposema nilikwenda steshenari kurekebisha mistari, si kwamba mistari ndiyo iliyonipeleka.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Songea imeshika, yule dada wa steshenari amejifunga kitenge juu ya koti. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mcheshi, anayejua habari za nusu ya Majengo kwa sababu ndiye anayezichapa.

"Shikamoo mzee wangu. Leo tunaandikia nani barua?"

"Marahaba. Leo tunanyoosha mistari."

Nilimwonyesha. Alivuta kiti, akaupitisha ukurasa juu na chini, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, hiki kitufe cha enta kilikukosea nini? Umekipiga kila baada ya sentimita kumi na tano."

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Aliyekufundisha hakuijua simu." Akageuza simu yake, akanionyesha maandishi yakijipanga upya. "Unaona? Simu hii nyembamba, ile ya mwenzio pana, kompyuta pana zaidi. Kila moja inakata mstari kwa upana wake yenyewe. Wewe usiihangaikie. Acha maneno yaende. Kata pale tu habari inapoisha na nyingine inapoanza."

"Na hizi nilizokwisha kata?"

"Hizo tunazifuta. Ukitaka moja moja tutakesha hapa. Ngoja niiamuru ifute zote kwa pamoja."

Akaandika anavyojua, akabonyeza. Enta zote zikafutika, zile za mwisho wa mistari na zile za kati ya aya pia. Maisha yote ya mke wangu yakawa tonge moja, tangu kuzaliwa hadi shukrani kwa kamati ya mazishi, bila pa kupumulia.

"Duh," alisema. "Imemeza na aya. Nisamehe mzee."

"Hapana neno."

"Basi kazi ya kugawa ni yako sasa. Mimi marehemu nilimjua kwa kumsalimia tu. Wewe ndiye unayejua maisha yake yanakatikia wapi." Mteja akaingia anataka picha za pasipoti, naye akainuka na kuniachia kiti.

Nilikaa pale mbele ya lile tonge. Nilianza mwanzo, nikisoma neno kwa neno, kale kamstari kanakopepesa nikikaburuza polepole. Alizaliwa, mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Nikakata. Alianza shule. Nikafika kwenye ile sentensi: alisoma hadi darasa la saba shule ya msingi ya kijijini kwao, na baadaye alifunga ndoa.

Kati ya darasa la saba na mimi kulikuwa na miaka sita. Nilihesabu kwa vidole. Katika miaka hiyo alilima, alipenda, alibeba mimba, alisemwa, alizaa, alinyonyesha, aliachwa. Nilikuwa nimeipitisha yote chini ya neno "baadaye" na koma moja mbele yake. Katekista alilisoma bila hata kuvuta pumzi.

Nilifuta neno lile. Nikabonyeza enta mara mbili. Sentensi zikaachana, ya ndoa ikashuka chini, na katikati pakatokea uwazi mweupe.

"Dada," nilimwita, "zimebaki kurasa ngapi humu?"

Alikuwa anamnyoosha mteja mabega mbele ya kitambaa cha buluu. "Kurasa gani mzee?"

"Nafasi. Nikiongeza maneno yatatosha?"

Alicheka, na mteja akacheka naye. "Mzee wangu, huo hauna mwisho. Hakuna karatasi humo. Andika mpaka uchoke wewe."

Sijui kama aliona uso wangu. Maisha yangu yote nilikuwa na karatasi ya kusingizia, na sasa hapakuwa na karatasi.

Niliandika aya nzima. Niliandika kwamba kabla ya ndoa marehemu alijaliwa kupata mtoto wake wa kwanza, binti, ambaye kutokana na mazingira ya wakati huo alilelewa kwa upendo mkubwa na bibi yake wilayani Namtumbo, na sasa ni mama wa watoto watano, anaishi Nakapanya. Chini, penye hesabu ya watoto, nikaandika wanne. Nikamalizia kugawa aya zilizobaki. Dada wa steshenari alipoitazama alisema imependeza, imepata hewa. Tulipoifungua kwenye simu, kila mstari ulikwenda hadi ukingoni na kushuka wenyewe, kwa utulivu.

Siku hiyohiyo nilimtumia yeye, kabla ya ndugu mwingine yeyote. Nilimwandikia chini yake kwamba namwomba aje siku ya kujengea kaburi, na kwamba safari hii ataitwa wa kwanza.

Siku ya kwanza alikuwa kimya. Ya pili kimya. Simu niliibeba hadi shambani. Siku ya tatu asubuhi, nikiwa naota jua mlangoni, ikalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Tunapuliza dawa mikorosho, ndiyo maana nimechelewa. Habari za baridi ya huko?"

"Ipo. Umesoma?"

"Nimesoma. Nimesoma mara tatu." Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akichota maji. "Maneno mazuri, mzee. Umeyapanga vizuri. Ila nina swali moja."

"Uliza."

"Hayo mazingira ya wakati huo. Ni mazingira yapi?"

Nilisema mambo yalikuwa magumu, nyumba ilikuwa ndogo.

"Ilikuwa na vyumba vitatu. Nililala humo siku moja, nakumbuka." Hakuwa na hasira katika sauti yake, na afadhali angekuwa nayo. "Na huo upendo mkubwa wa bibi, wewe uliuona lini? Bibi alikuwa ananipenda, kweli. Na alikuwa mzee, haoni vizuri, mimi ndiye niliyempikia nikiwa na miaka tisa. Lakini wewe ulikuja lini ukauona?"

"Sikuja."

"Hukuja."

"Nitaandika upya," nilisema. "Nitaandika ukweli. Nitaandika kwamba nilikukataa mimi, na mama yako hakutaka iwe hivyo. Leo hii nakwenda kuandika. Watu wote wasome."

Nilidhani simu imekatika, nikaitazama.

"Mzee," akasema, "ukiandika hivyo unajua watasema nini? Watasema, mzee yule muungwana, amekiri. Watakupa mkono. Mtu analia, anakukumbatia. Na mimi nitakuwa nimesimama pale pembeni, niliyekiriwa. Sitaki kuwa hiyo aya yako."

"Sivyo nilivyokusudia."

"Najua hukukusudia. Hata siku ya maziko sidhani kama ulikusudia. Mambo yako mengi hukuyakusudia." Akakohoa kidogo, kama mtu aliyejikuta amesema zaidi ya alivyopanga. "Mama alinijua. Alikuwa anakuja. Alilala kitandani kwangu, tukaongea mpaka taa inakwisha mafuta. Hayo ninayo, hayahitaji kuandikwa. Naomba uniondoe."

"Nikuondoe kabisa?"

"Ile aya iondoe. Hesabu iache wanne, maana mama yangu hakuzaa watatu, na usimsingizie. Atakayeuliza wa nne ni nani, wewe mjibu kwa mdomo. Mmoja mmoja. Kila atakayeuliza."

"Na siku ya kaburi? Utakuja?"

"Nilishamzika mama yangu, mzee. Nilimzika na majirani." Halafu, kwa adabu ileile aliyolelewa nayo na bibi yake, akaniagiza niwasalimie wote nyumbani, akaniombea afya, akasema inshallah tutaonana. Akakata.

Nilikaa pale mlangoni hadi jua likahama.

Kesho yake nilirudi Majengo. Yule dada alishangaa kuniona.

"Imeharibika tena?"

"Kuna aya ya kuondoa."

"Ipi?"

Nilimwonyesha. Aliisoma, akanitazama, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutia utani. Alisogea, akaniachia kiti.

Nilishika ile aya tangu mwanzo hadi mwisho, ikawa buluu, nikabonyeza kufuta. Nilidhani kutabaki nafasi. Kwenye taipureta ukifuta maneno, karatasi inabaki imechubuka, kila mtu anaona kwamba hapa palikuwa na kitu. Humo mtandaoni sivyo. Aya ilipotoka, ile ya ndoa ilipanda juu mara moja ikakaa chini ya darasa la saba, kama walioketi kwenye benchi wanavyosogeleana mmoja akiinuka. Ungesoma kutwa nzima usingeona alama.

Nilibonyeza enta mara tatu, mara nne, kutafuta ule uwazi. Kwenye kioo cha kuandikia ulionekana. Nikauhifadhi ukurasa, nikaufungua kwenye simu, uwazi haupo. Nikarudia. Mara saba, mara nane. Ukurasa ulikuwa unakataa kuweka pengo lisilo na kitu.

"Mtandao haupendi nafasi tupu, mzee," dada alisema taratibu. "Unaziona kama makosa, unaziziba. Kuna ujanja wake, tunaweka kitu kisichoonekana, pengo linabaki. Nikufanyie?"

Nilifikiri. Ninakiri nilitaka sana. Lakini aliyeniagiza alisema aondolewe, na pengo ningekuwa naliweka kwa ajili yangu, nije nilifungue na kulitazama na kujihurumia. Nimefanya mengi juu ya mtu yule bila kumuuliza.

"Acha," nilisema. "Hesabu tu. Hakikisha imeandikwa wanne."

"Imeandikwa wanne. Lakini humu wametajwa watatu, mzee. Watu watauliza."

"Ndiyo."

Akauhifadhi.

Sijui kama hata haya ninayoyaandika hapa yamo ndani ya ruhusa yake. Sikumtaja jina, wala la mama yake, wala langu. Anayetujua atatujua, na asiyetujua hatampa mtu mkono.

Siku ya kujengea kaburi ndugu walikuja wengi, kutoka Namtumbo, Mbinga, wengine Dar. Misa ilikwenda vizuri. Mafundi walimalizia kupanga vigae, tukarudi nyumbani kula. Mwanangu wa mwisho aliniambia ukurasa umekaa vizuri sana, hata wenzake kazini wameusifu. Hakuuliza kitu. Nadhani alikuwa ameona ile hesabu na akaniachia.

Aliyeuliza ni dada yangu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na akina mama wengine, simu ameishika mbali na macho, anasoma kwa midomo. Nilikuwa napita na birika la maji ya kunawa.

"Wewe," aliniita, "hebu njoo. Hapa umeandika watoto wanne. Mimi nawaona watatu. Wa nne nani?"

Wale akina mama wakanyanyua nyuso zao. Nilisimama na birika langu. Nilikuwa na umri wa miaka sabini na minne, na nilijiona kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Nilisema ni binti wa kwanza wa mke wangu, yule wa Nakapanya. Nikasema hakulelewa nasi kwa sababu mimi nilimkataa, na siku ya maziko nilimtoa kwenye wasifu kwa mkono wangu mwenyewe.

Hakuna aliyenipa mkono. Hakuna aliyelia. Dada yangu akaikunja kanga yake magotini.

"Tulikuwa tunajua," alisema. "Sote hapa tunamjua. Mke wako alikuwa anatusimulia habari zake kila akirudi kutoka huko. Tulikuwa tunangoja tu umtaje wewe, ili binti naye asikie." Akaizima simu. "Sasa umemtaja, na binti mwenyewe hayupo kusikia, wala mama yake aliyekuwa anaingoja siku hii."

Akanyoosha mikono. Nikainama, nikaanza kumnawisha.